Kilio cha Pampu

Kiswahili si maskini wa maneno ya sauti. Simba hunguruma, nyuki huvuma, kuku hutetea, mbwa hubweka, ngoma hurindima, na mtu aliyelala fofofo hukoroma. Kila mwenye sauti amepewa kitenzi chake, na asikiaye kitenzi aghalabu hana haja ya kuuliza mwenyewe ni nani. Walakini mtu huyo huyo mwenye utajiri huu akiingia karakana hujifanya fukara. Husema neno moja tu, kwamba gari linalia. Fundi aliyeambiwa hivyo hajaambiwa kitu. Mtoto hulia kwa njaa, hulia kwa homa, hulia kwa usingizi na hulia kwa deko, na mama asiyejua kupambanua vilio hivyo atamnyonyesha mwenye homa. Ubaya wa ufukara huu wa kujitakia huonekana zaidi pale chombo kinacholia kinapokuwa pampu ya petroli, na gari lenyewe linapokuwa la aina ambayo mwenye kuliendesha ndiye aliyeliunda.

Magari ya kujiundia yana kwao, nako ni Uingereza. Yapo Marekani na kwingineko pia, lakini desturi hiyo ilistawi Uingereza kwa sababu isiyokuwa na mahaba yoyote, nayo ni kodi. Katika miaka iliyofuata Vita Vikuu vya Pili gari zima lililotoka kiwandani lilitozwa kodi ya ununuzi, bali vipande vya gari vilivyouzwa kwa mtu akaviunge mwenyewe viliepukana nayo. Mwaka 1957 Colin Chapman alitoa Lotus Seven, gari dogo jepesi la watu wawili, lisilokuwa na paa la kutegemewa katika nchi ya mvua, na wengi walilinunua likiwa vipande. Husimuliwa kwamba muuzaji hakuruhusiwa kumpa mnunuzi maelezo ya kuunga gari. Basi akampa maelezo ya kulifungua, na mnunuzi akayasoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. Kama hadithi hiyo imetiwa chumvi au haikutiwa, inawaelekea Waingereza, watu waheshimuo sheria hata wanapoizunguka. Mwaka 1973 kodi ya ununuzi iliondolewa, ikaja kodi ya ongezeko la thamani, na msamaha ule ukaisha. Mwaka huo huo Lotus iliiachia kampuni ya Caterham haki ya kuendelea na gari lile. Kwa hesabu ya fedha mchezo ulipaswa kufa hapo. Haukufa. Mwaka 1996 Ron Champion alitoa kitabu cha kumfundisha mtu kuunda gari la mfano huo kwa paundi 250 tu, na watu wakaanza kuchomelea fremu za chuma katika vibanda vya nyuma ya nyumba zao, wakichukua mitambo ya magari makuukuu ya Ford.

Katika gari la kiwandani tangi, mabomba, chujio na pampu vilichaguliwa na wahandisi waliokaa meza moja. Pampu yake ikilia baada ya miaka kumi, dhana ya kwanza ni kwamba imechakaa, na dhana hiyo ina haki ya kutangulia. Katika gari la kujiundia tangi limetoka kwa mchomeleaji fulani, injini imetoka katika gari lililogongwa, pampu imetoka katika orodha ya duka la vifaa vya mashindano, na mahali pa kuifunga palichaguliwa usiku mmoja wa Januari na mtu aliyekufa ganzi vidole, aliyetaka kumaliza kazi akale. Hakuna kitabu cha kufungua ukurasa wa matatizo. Mtahini wa serikali, ambaye tangu 2009 hukagua magari mapya ya namna hii chini ya mtihani uitwao IVA, hutazama breki, taa, mikanda, moshi na mambo mengine mengi. Lakini kazi yake ni kuona kwamba gari halitamdhuru mtu, si kuona kwamba pampu imekaa mahali pa raha.

Pampu za umeme za zamani zilikuwa na lugha nyepesi. Pampu ya SU, iliyokuwamo katika Morris Minor, gari lililojulikana sana hata katika barabara za Afrika Mashariki, ilikuwa na utando uliovutwa na sumaku na kurudishwa na springi, na kila mvuto ulitoa mlio mmoja: tik. Dereva alipofungua swichi alisikia tik-tik-tik za haraka, kisha zikapungua, kisha kimya. Maana yake kabureta imejaa. Tik zikiendelea mbio bila kukoma, pampu ilikuwa inavuta hewa au tangi limekauka. Zikiendelea moja moja ilhali injini imezimwa, petroli ilikuwa inapita mahali isipotakiwa kupita. Hata mtu asiyejua kushika bisibisi aliweza kusoma herufi tatu hizo.

Pampu ya leo, ile isukumayo petroli kwenye noseli za kunyunyizia, haina herufi; ina sauti moja ndefu. Msukumo wake hufika baa 3 hivi, yaani mara tatu ya uzito wa hewa uliopo pwani, ambapo kabureta ya kale ilitosheka na chini ya sehemu ya kumi ya huo. Katika magari ya viwandani pampu hii huzamishwa tangini, na petroli inayoizunguka huipoza na kuimeza sauti yake. Muundaji wa nyumbani, kwa kuwa tangi lake ni sanduku la alumini lisilokuwa na tundu la kuingizia pampu, mara nyingi huifunga nje, chini ya sakafu au nyuma ya viti. Hapo sauti haina blanketi. Kuvuma kidogo basi ni haki yake, na anayetaka pampu ya nje iwe bubu anataka lisilokuwapo. Shida huanza pale kuvuma kunapogeuka kuwa kitu kingine.

Jambo la kufahamu ni kwamba pampu hii ni hodari wa kusukuma na dhaifu wa kuvuta. Kimiminiko huchemka kwa njia mbili: kwa kuongezewa moto, au kwa kupunguziwa uzito wa hewa unaokikandamiza. Wapandao Kilimanjaro wanalijua hili, maana kileleni, mita 5,895 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 80 hivi, na maharagwe hayaivi. Petroli ni nyepesi wa kuchemka kuliko maji. Pampu ikilazimishwa kuvuta kwa nguvu kupitia mpira mwembamba, au uliokunjika, au chujio lililoziba, uzito ulio juu ya petroli hupungua mlangoni mwa pampu hata sehemu yake ikageuka mvuke papo hapo, bila moto wowote. Viputo vya mvuke huo huingia ndani, hufika upande wa msukumo, na huko hupondwa ghafla. Kila kiputo kinachopondwa hupiga kofi dogo juu ya chuma, na makofi hayo yakiwa maelfu kwa maelfu ndiyo kilio. Tena petroli ndiyo inayoilainisha pampu, na ndiyo inayoipoza. Pampu inayokula mvuke hujisaga yenyewe mpaka ikafa. Kwa hiyo katika shauri la pampu inayolia, mara nyingi mwenye kelele si mshtakiwa bali ni mdai. Amenyimwa, naye analalamika. Kumwondoa na kuweka mwingine mahali pake ni sawa na hakimu kumfunga mdai kwa kosa la kuleta mashtaka.

Mtu mmoja wa huko, seremala kwa kazi yake, alimfunga mdai namna hiyo. Aliunda gari lake kwa majira mawili ya baridi, akisaidiwa na binti yake wa miaka 15, ambaye mikono yake midogo ilifika palipoikataa ya baba. Mwezi wa Aprili gari likaingia barabarani. Asubuhi lilikuwa kimya. Alasiri, baada ya mwendo wa kilomita arobaini, sauti nyembamba ilianza kusikika nyuma ya viti, ikapanda, ikawa kali. Rafiki zake, wenye magari ya aina hiyo hiyo, walimpa hukumu bila kusikiliza ushahidi: pampu mbovu, nunua nyingine. Akanunua. Ya pili ilinyamaza wiki mbili, na katika wiki ya tatu ikalia kama ya kwanza. Angeweza kuvumilia, maana injini na upepo wa gari lisilokuwa na paa hufunika mengi. Lakini jioni moja ya joto, katika barabara ya magari ya mbio, injini ilikatika ghafla, na nyuma yake lilikuwa lori. Dereva wa gari dogo kama lile huketi chini mno hata akazitazama nati za magurudumu ya lori kwa usawa wa macho. Lori lilimkwepa kwa honi ndefu. Binti alikuwa ameketi kiti cha pili.

Baada ya siku hiyo hakuendesha tena mpaka alipojua. Jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa jema kuliko yote yaliyofuata: alimwuliza mtu mwingine amesikia nini.

"Haivumi, Baba," binti alisema. "Inanyonya. Ni kama mtu anayenyonya soda kwa mrija, na soda imekwisha chini ya gilasi."

Hapo ndipo kazi ilipopiga hatua, ingawa hakuna nati iliyokuwa imelegezwa bado. Baba alikuwa akiiita sauti ile mluzi, na mluzi ungeweza kuwa wa gia, wa mkanda au wa beringi. Kunyonya hakukuwa na tafsiri nyingi. Wanafunzi wa lugha hupenda kuambiwa kwamba maneno ni vyombo. Huu ni mfano usiohitaji mwalimu, kwa kuwa kitenzi kimoja kilichochaguliwa vyema kilifuta nusu ya orodha ya watuhumiwa.

Alichukua daftari, akaandika ni lini pampu inalia na ni lini hailii. Tangi likijaa, hailii. Likibaki robo, inalia. Asubuhi ya baridi, hailii; gari likisimamishwa nusu saa juani baada ya safari, inalia tangu swichi inapofunguliwa. Kila mstari ulisema neno lile lile kwa lahaja nyingine: petroli haifiki kwa wepesi mlangoni mwa pampu. Lililomtatiza ni kwamba joto la Aprili lilishinda la Juni kwa kuleta kilio, na jambo hilo lina sababu yake. Huko Uingereza petroli ya majira ya baridi hutengenezwa iwe nyepesi zaidi kugeuka mvuke, ili injini iwake katika baridi. Mtu aliyejaza tangi mwisho wa majira hayo kisha akapata siku ya jua kali amebeba petroli iliyo karibu na kuchemka.

Baada ya daftari vikaja vipimo, na hapa uvumilivu wake ulijaribiwa. Alianza na umeme, kwa kuwa umeme hupimwa pasipo kumwaga petroli. Injini ikiwa inazunguka, kipima volti kilionyesha 13.9 kwenye betri na 11.7 kwenye pampu yenyewe. Volti mbili na zaidi zilikuwa zimepotea njiani. Alizitafuta akazikuta katika waya wa kurudisha umeme, uliofungwa kwa bolti juu ya fremu; fremu ilikuwa imepakwa rangi ya unga iliyookwa, rangi nzuri ya kuzuia kutu, na hodari vile vile wa kuzuia umeme. (Wenye magari ya bodi za faibaglasi wana msiba mkubwa zaidi, maana faibaglasi haipitishi umeme kabisa, na kila taa inahitaji waya wake wa kurudi.) Alikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akafunga upya, volti zikarudi. Akawasha gari kwa furaha, na kilio kikazidi.

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Aliyetibu ugonjwa na kuona mgonjwa anazidi hudhani dawa ilikuwa sumu, akairudisha rangi. Kumbe hapakuwa na ajabu. Pampu iliyopata umeme kamili ilizunguka kwa kasi yake ya haki, ikataka petroli nyingi zaidi kupitia njia ile ile nyembamba, na njia ikashindwa kwa kishindo kikubwa kuliko mwanzo. Kosa la kwanza lilikuwa limelificha la pili. Seremala huyu alikaa juu ya ndoo akafikiri, akaiacha dawa yake mahali pake. Katika kazi nzima hakuna tendo lililostahili sifa kuliko hilo la kutotenda.

Alifungua kifuniko cha tangi pampu ikilia, asikilize kama hewa itaingia kwa mvumo. Tundu la kupumulia likiziba, tangi hujikaza tupu ndani na pampu huvuta dhidi yake. Kifuniko kikifunguliwa kilio hukoma mara moja. Hakikukoma. Tundu halikuwa na hatia.

Kisha akafanya jaribio la kukata shauri. Alilisukuma gari nje ya kibanda, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama sakafuni ukingoja cheche. Akaweka kizimamoto karibu, akamwamuru binti asimame mbali. Akaufungua mpira wa kuingilia pampu, na badala yake akaunga mpira mfupi mnene kutoka katika debe safi lililowekwa juu kuliko pampu. Petroli sasa ilishuka kwa uzito wake yenyewe. Swichi ikafunguliwa. Pampu ilivuma kwa sauti nene, ya chini, isiyopanda wala kushuka. Ilikuwa ni pampu ile ile, umeme ule ule, bolti zile zile. Kila kilichokuwa mbele ya pampu kikatoka katika mashaka, na kila kilichokuwa kati yake na tangi kikaingia kizimbani.

Walikuwamo watatu, na wote walikuwa na hatia kwa kadiri tofauti. Chujio la kwanza, lililotangulia pampu, lilikuwa la matundu ya sehemu ya mia ya milimita, yaani chujio laini linalofaa kulinda noseli baada ya pampu. Mahali lilipowekwa palitaka chujio la matundu makubwa mara kumi. Mpira wa kutoka tangini ulipanda juu ya ekseli kabla ya kushuka, hata tangi lilipobaki robo pampu ilibidi ivute petroli kama maji ya kisima. Na mpira wenyewe, uliotolewa katika gari kuukuu, ulikuwa umelainika ndani na kuanza kuchubuka. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza huwa na ethanoli hadi asilimia 10, na mipira ya zamani haikuumbwa kuihimili. Vipande vyeusi vilivyochubuka vilikuwa vimelala juu ya chujio kama majani ya chai.

Kurekebisha hakukuwa na habari kubwa. Pampu ilihamishiwa chini, usawa wa chini ya tangi. Mpira mpya mnene wa aina ihimiliyo ethanoli ulipitishwa kwa njia fupi. Chujio la matundu makubwa likawekwa nyuma, laini mbele. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Hata hivyo palibaki mvumo uliojaza gari zima, na binti ndiye aliyeweka kiganja juu ya bati la alumini akasema linatetemeka. Pampu ilikuwa imekazwa moja kwa moja juu ya bati hilo. Mpiga udi anajua kwamba nyuzi peke yake hazisikiki hatua tatu. Tumbo la udi ndilo linaloimba. Waliikalisha pampu juu ya raba nne, na tumbo likanyamaza.

Pampu ya kwanza, iliyotupwa chini ya meza ya kazi na kulaaniwa miezi mitatu, ilirudishwa kwa jaribio la heshima. Ilikuwa imechelewa. Ilisaga kama mtu anayetafuna mchanga, na msukumo wake haukufika baa 2. Ya pili ilipona, ingawa anayetega bisibisi ndefu kati ya chuma chake na mfupa wa nyuma ya sikio husikia mkwaruzo mdogo usiokuwamo ilipotoka dukani.

Sasa swichi ikifunguliwa pampu huvuma sekunde mbili, kisha hunyamaza ikingoja injini, kama ilivyopangiwa. Alasiri za joto hazina tofauti na asubuhi. Kimebaki kitu kimoja katika daftari, kimeandikwa kwa mwandiko wa binti: tangi likiwa chini ya robo, katika kona kali ya kushoto, hunyonya kidogo. Tangi halina kuta za ndani za kuizuia petroli isikimbilie upande mmoja. Kuzitia ni kulikata tangi na kulichomelea upya, baada ya kulisafisha mvuke wote uliomo, na kazi hiyo imewekewa majira ya baridi yajayo.